Zamu Yangu Ni Lini?

Ijumaa usiku Laini Saba, Kibera, kuna kesha katika makanisa ya mabati hadi kupambazuke, na kabla kinanda cha mwisho hakijazimwa adhana imeshapanda kutoka Makina. Jumamosi kuna vijana wanaotandika mikeka ya yoga. Kule Kawangware Wakorino wanapita na ngoma, vilemba vyeupe vichwani. Watu hawa wanatofautiana kwa mengi, ila kila mmoja ana jambo analolishika na kulirudia: kusali, kufunga, kukesha, kuhesabu pumzi. Na kila mmoja, akibaki peke yake, hujiuliza mbona bado. Mbona hasira ni ileile, woga ni uleule, kinyongo na jirani hakijapungua, na miaka inakwenda.

Jibu la mimbarini hulijua kila mtu: wakati wa Mungu ndio wakati. Jibu hilo limewabeba wengi. Limewazika wengine pia, na hapo sisemi kwa mafumbo.

Hoja iliyo mbele yetu ni hii: mtu aliyeshika ibada yake aiamini saa ya kukua kwake, asiidai. Nimeikabidhi kwa sauti nne. Watu wenyewe nimewatunga, lakini wanayoyasema yanabishaniwa kila siku kwenye foleni ya maji na kwenye viti vya nyuma vya matatu ya 46. MAMA huuza mboga Kawangware na ni mshiriki wa kanisa la Marafiki. MAALIM ni Mnubi wa Makina, husomesha watoto Kurani jioni. KIJANA alizaliwa Gatwekera, leo ni mwalimu wa yoga. DADA ni mhudumu wa afya ya jamii huko Laini Saba, mmoja wa wale 100,000 ambao serikali iliwakabidhi vifaa Septemba 2023 wapite nyumba kwa nyumba. Dada ndiye mpinzani wa hoja.

MAMA: Mimi naanza na kibanda changu. Mwaka 2017, uchaguzi wa marudio ulifanyika tarehe 26 Oktoba, na kesho yake Kawangware ikawaka. Vibanda vilichomwa, nyumba zikachomwa, watu walikufa. Changu kilikwenda na mizani yake. Aliyekuwa akionyesha kibanda kipi cha nani nilimjua, ni kijana wa plot yetu. Nilishawahi kumpa mamake sukuma wiki kwa deni wiki nzima. Jumapili mhubiri akasimama akasema, sameheni leo, kesho si yenu, anayesamehe ainue mkono. Nikainua. Moyoni hakuna kilichosogea hata kidogo. Nikarudi nyumbani na dhambi mbili, ile chuki na uongo wa ule mkono.

DADA: Ukafanyaje?

MAMA: Nikaendelea kuomba. Kila alfajiri kabla ya kwenda Marikiti kuchukua mboga, nilimtaja kwa jina. Basi. Sikuomba nimpende, maana ningemdanganya Mungu mara ya pili. Siku zingine nilimtaja nikiwa nimeuma meno. Miaka ikapita hivyo. Halafu siku moja akaja kununua vitunguu. Nikampimia, nikamrudishia chenji, nikamuuliza mguu wa mamake unaendeleaje. Alipoondoka ndipo nikashtuka kwamba nimemuuliza. Sikuwa nimefunga siku hiyo, sikuwa kanisani, wala sikuwa nawaza mambo ya kusamehe. Kama mtu angeniuliza asubuhi yake, ningesema bado sana.

DADA: Mama, nakuheshimu, lakini hiyo hadithi yako inaniuma. Wewe uliyechomewa ndiye uliyefanya kazi ya miaka yote hiyo. Yeye alifanya nini? Alikulipa mizani? Kibanda nani alikijenga?

MAMA: Nilikijenga kwa pesa za chama. Zamu yangu iliangukia Novemba, Mungu ni nani!

DADA: Hapo hapo, Mama. Chama! Kwenye chama hakuna anayekuambia uamini wakati. Kuna daftari. Unajua nani amekutangulia na nani anakufuata, unajua ni pesa ngapi, na mwekahazina akizila mnamkokota hadi kwa chifu. Unasubiri kwa sababu unaona. Sasa niambie, hiyo saa ya Mungu daftari lake liko wapi? Nani amelishika? Kwa sababu mimi nikipita nyumba kwa nyumba nakutana na watu kila siku wanaosema wao ndio wamelishika.

KIJANA: Naweza kuingia hapo?

MAALIM: Ingia, mwanangu.

KIJANA: Mimi sikuwa mtu wa kanisa wala msikiti. Mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, nilikuwa mtoto, niliona watu wakiing'oa reli hapa Kibera kwa mikono. Nikajifunza kwamba anayepiga kwanza ndiye anayelala salama. Kwenye yoga nilimfuata rafiki tu. Africa Yoga Project ilianzishwa Nairobi mwaka 2007, na Mmarekani Paige Elenson ni mmoja wa waanzilishi. Imewafunza vijana wa mitaa kama Kibera na Kawangware kuwa walimu. Na mafunzo yana hesabu, Dada, hata sisi tuna daftari: saa 200. Nilidhani nikizimaliza saa hizo, hasira nayo itakuwa imekwisha. Cheti kilitoka. Wiki hiyohiyo nilimpiga makanga ngumi kwa ajili ya shilingi ishirini.

DADA: Kwa hiyo haikufanya kazi.

KIJANA: Ngoja nieleze. Kuna pozi tunaliita la shujaa. Goti la mbele umelikunja, mguu wa nyuma umenyooka, mikono umeitandaza. Ukikaa pale kidogo paja linawaka, jasho linakuingia machoni, na nje ya ukumbi matatu zinapiga honi. Mwalimu hakuambii utashuka lini. Anahesabu pumzi. Anayewaza dakika zilizobaki huanguka wa kwanza. Nimefanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, na hasira haikuondoka. Kilichotokea ni kwamba nilianza kuiona inapokuja. Masikio hupata joto kwanza, halafu taya linakaza, halafu ngumi. Kati ya masikio na ngumi pakatokea nafasi ya pumzi moja. Sasa zinaingia tatu. Hayo ndiyo maendeleo yangu yote, na yamekula miaka.

DADA: Na kama ni umri tu? Nawajua vijana wengi waliopoa walipokaribia thelathini, bila mkeka, bila pozi.

KIJANA: Huenda. Wawili niliokua nao hawakufika thelathini.

Hapo Dada hakujibu, na nisingependa kumtafutia jibu. Swali lake lilikuwa la haki. Hakuna kipimo cha kumtenganisha mtu aliyebadilishwa na sala na mtu aliyebadilishwa na miaka, na anayedai anacho kipimo hicho anatafuta wateja. Lakini jibu la Kijana nalo ni la haki: mahali ambapo ngumi moja inaweza kukupeleka makaburini ukiwa na miaka kumi na tisa, kungojea umri ukupoze ni bahati nasibu. Mazoezi ya roho, kwa watu wa mitaa hii, mara nyingi ni njia ya kuufikia huo umri.

MAMA: Huko kanisani wanasema huo mkeka ni wa mapepo ya India.

KIJANA: Najua, Mama. Hata nyumbani nimeambiwa.

MAMA: Mimi sikusemi. Marafiki walipofika Kaimosi mwaka 1902, walitoka katika dini ambayo wazee wake wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, walikuwa wanakaa tu kimya wakimngoja Bwana. Hakuna kwaya, hakuna mhubiri. Sisi tunaimba, unatujua. Kenya ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote duniani, na tukianza kuimba barabara inasikia. Lakini mimi nikiwa peke yangu alfajiri nakaa kimya kabla sijasema neno, na ni kwenye huo ukimya nilipoweza kumtaja yule kijana. Kwa hiyo kama wewe unanyamaza ukiwa umelala kwenye mkeka, sioni pepo hapo.

DADA: Mimi simgombezi mtu anayenyamaza. Nawagombeza wanaosema. Katika nyumba zangu kuna mama mmoja, simtaji. Alikuwa na TB. Dawa za TB ni miezi sita: miwili ya kwanza dawa nne, minne inayofuata dawa mbili, hakuna kuruka. Mwezi wa pili kikohozi kilikoma, akaanza kunenepa. Nabii akamwambia wakati wake wa kuponywa umefika, na anayeendelea kumeza tembe baada ya neno la Mungu hana imani. Akaacha. Alipoletwa tena, aliletwa kwa mkokoteni, na zile dawa za kwanza zilikuwa hazimsaidii tena. Sasa nyinyi mnaotuambia tuamini wakati, huyo aliamini wakati. Mnamwambia nini?

MAALIM: Astaghfirullah. Binti yangu, namwambia pole, na nakuambia wewe kwamba umeleta ushahidi wetu bila kukusudia. Tazama vizuri. Nani alimwambia asubiri? Ni wewe. Ulimwambia, hata ukijiona mzima, endelea miezi sita. Nabii alimwambia ni leo. Wewe ndiye uliyemfundisha subira. Yule alimuuzia tarehe.

DADA: Subira yangu ina kadi, Maalim. Kadi ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

MAALIM: Na mfungo wangu una magharibi.

DADA: Fafanua.

MAALIM: Ramadhani inaingia kwa mwezi na inatoka kwa mwezi, siku 29 au 30, haiongezwi kwa sababu mtu ana uchu wa thawabu. Kila siku inaanza alfajiri na kuishia jua linapozama, na adhana ya magharibi ikilia, kuchelewesha kufuturu makusudi si ucha Mungu. Mgonjwa amesamehewa. Msafiri amesamehewa. Mja mzito na anayenyonyesha wakihofia afya zao wamesamehewa. Mwanamke aliyefiwa na mume ana eda, miezi minne na siku kumi, na akiwa mja mzito ni mpaka ajifungue. Hakuna shangazi wa kumwambia akae ndani mwaka. Waliotufundisha dini walijua kwamba mtu akiachiwa ibada isiyo na mpaka ataumia, au ataumizwa na mwingine. Kwa hiyo zoezi wakaliwekea saa. Ila hawakuandika popote kwamba ukifunga Ramadhani tatu utakuwa umeacha kusengenya.

DADA: Na Shakahola?

MAALIM: Nilijua utafika.

DADA: Lazima nifike. Aprili 2023, msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto wamo. Walikuwa watu wa kusali kama Mama. Waliambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Mhubiri Paul Mackenzie alishtakiwa na akakana mashtaka, sheria itasema yake. Lakini wale waliokufa waliamini kwamba wakati wao umefika.

MAALIM: Waliondolewa magharibi yao. Mtu akikuambia ufunge na hakuna kufuturu, huyo ameshatoka kwenye ibada yoyote ninayoijua mimi, yenu au yetu.

Naingilia hapa, kwa sababu hili ndilo jambo lililonifanya niandike. Kuna saa mbili, na watu wengi wamezichanganya kuwa moja. Ya kwanza ni saa ya zoezi: alfajiri ya Mama, magharibi ya Maalim, pumzi za Kijana, miezi sita ya Dada. Hiyo ina mwanzo na mwisho, mtu yeyote anaweza kuikagua, na inafaa ikaguliwe. Ya pili ni saa ya moyo kubadilika, ambayo haipo kwenye kadi ya mtu yeyote. Anayeishika ya kwanza ana haki ya kuiacha ya pili ijiendee. Ubaya wote ninaouona katika mitaa yetu huanza pale mtu anapozigeuza: anaifanya ya kwanza isiwe na mpaka, funga mpaka, kesha mpaka, toa mpaka, halafu ya pili anaitangazia tarehe.

Na tarehe hiyo ina bei. Mwaka 2014 runinga ya KTN ilionyesha jinsi mhubiri mmoja wa Nairobi alivyowaandaa watu wa kutoa ushuhuda wa uongo na kuwataka waumini wapande mbegu ya shilingi 310. Kwa muda mrefu baadaye ungesikia "310" mitaani kama neno la mzaha. Mimi siioni sababu ya kucheka. Shilingi 310 ni pesa kwa mtu wa kibarua, na waliotuma hawakuwa wajinga. Walikuwa wamechoka kungoja, na mbele yao alisimama mtu anayedai kujua ni lini.

KIJANA: Lakini mwandishi, hata sisi wa mikeka tuna wauzaji wa tarehe. Nimeona matangazo: siku 21 uwe mtu mpya.

Ni kweli, na iingie kwenye rekodi.

MAMA: Mimi nataka Maalim aseme jambo. Umesema hawakuandika ni Ramadhani ngapi. Sasa mtu afunge miaka na miaka bila kujua kama anasogea? Hiyo si ni kumchosha?

MAALIM: Inachosha, Mama, sitakudanganya. Nitakupa mfano wa mtu mkubwa. Mwaka 1095 Imamu Ghazali alikuwa mwalimu mkuu katika chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Hakuna aliyekuwa na heshima kumshinda. Ndani yake akajua anasomesha kwa ajili ya jina. Ameandika mwenyewe kwamba kwa karibu miezi sita asubuhi aliazimia kuondoka na jioni azma ikavunjika, mpaka ulimi ukakataa kutamka somo. Mganga hakupata dawa. Akaondoka, akazunguka, akajitenga, na ilipita zaidi ya miaka kumi kabla hajarudi kusomesha watu. Huyo ni Ghazali, elimu yote anayo kichwani! Kama yeye hakuweza kujiharakisha, mimi wa Makina ni nani?

DADA: Alikuwa na wa kumlisha hiyo miaka kumi.

MAALIM: Mali yake aliigawa, akabakiza ya kumtosha yeye na wanawe. Hapo una haki.

DADA: Basi hapo ndipo ninapotaka tukae, tusikimbie. Mama yangu alizaliwa hapa Kibera akiambiwa subiri. Choo, subiri. Maji, subiri. Karatasi ya nyumba, subiri, Mungu ana wakati wake. Mnapofundisha subira ya moyo kwa watu ambao kila ofisi inawaambia subiri, mnajua wanasikia nini? Wanasikia ofisi. Mtu aliyezoea kuamini kwamba hasira yake itapoa kwa wakati wake, kesho ataamini kwamba mfereji nao utafika kwa wakati wake.

MAALIM: Kwa hilo muulize Mnubi. Babu zetu walikuwa askari wa Sudan katika King's African Rifles. Waliletwa wakaishi katika msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa kuwa ardhi ya jeshi. Karatasi hawakupewa. Wazee walifunga, wakasali, wakafa. Unadhani waliketi wakisema inshallah peke yake? Mwaka 2006 malalamiko ya Wanubi yalifikishwa mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu. Ya watoto wetu, wanaozaliwa Kenya na kuhojiwa kama wageni, yalikwenda kwa kamati ya Afrika ya haki za watoto, ikaamua mwaka 2011 kwamba Kenya imewakosea. Tume ikaamua yake mwaka 2015. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta akatoa hatimiliki ya ekari 288. Kati ya zaidi ya 4,000! Na hizo 288 hazikudondoka kutoka mbinguni. Wazee waliokwenda kwa mawakili ndio haohao uliowakuta safu ya mbele alfajiri.

DADA: Kwa hiyo ni wakili aliyefanya kazi, siyo sala.

MAALIM: Wakili alileta karatasi. Sala iliwazuia wazee wasioze ndani katika hiyo miaka mia moja. Nimewaona waliooza, binti yangu. Wapo hapa hapa. Walinyimwa kama wengine, na kunyimwa kukawageuza, wakawa wanawanyima wake zao na watoto wao. Kesi inaweza kukupa ekari. Haikuambii utakuwa mtu wa namna gani siku ukizipata.

KIJANA: Hapo ndipo mimi ninapokubaliana na hoja. Unaidai haki kwa tarehe. Moyo huudai.

MAMA: Na ndiyo tofauti ya mizani yangu na kusamehe kwangu, Dada, kama nikikujibu lile la mwanzo. Mizani bado namdai. Nilimwambia hivyo mwaka jana, mbele ya watu: nimekusamehe, na mizani ni elfu mbili mia tano. Amelipa mia tisa.

DADA: Kweli, Mama? Hilo hukusema mwanzo.

MAMA: Hukuniuliza. Uliuliza nani alijenga kibanda.

Kwa watu wanaotaka mpinzani ashindwe, hapa pangefaa kufungwa. Lakini hoja ya Dada haijaisha, na nafikiri ndiyo nzito kuliko zote zilizosemwa. Ni rahisi kuiambia roho yako ingoje ukiwa na mlango unaofungika. Ukimya wa alfajiri unahitaji chumba ambacho watoto sita hawajalala sakafuni, na pumzi za kuhesabu zinahitaji hewa isiyonuka mtaro. Vyumba vingi vya Kibera ni vya futi kumi kwa kumi. Mtu anayeishi humo akiambiwa kwamba anachelewa kukua kiroho kwa sababu hana nidhamu, ametukanwa. Wanaoongoza ibada na mazoezi katika mitaa hii wana wajibu wa kuulizia hali ya vyumba kabla ya kuulizia hali ya roho. Wapo wanaoulizia, nawajua, na makanisa na misikiti kadhaa imechimba visima. Hawatoshi.

DADA: Maalim, nina swali la mwisho, na usikasirike.

MAALIM: Nikikasirika Kijana atanihesabia pumzi.

DADA: Wewe una nyumba za kupangisha.

MAALIM: Ninavyo vyumba. Vilikuwa vya baba.

DADA: Vingapi?

MAALIM: Kumi na viwili.

DADA: Na choo?

MAALIM: Kimoja.

DADA: Kimejaa tangu mwezi wa tatu. Najua kwa sababu ile ni njia yangu, wapangaji wako wamo kwenye orodha yangu. Wanne kati ya watoto wa pale nimewaandikia dawa ya chumvi na sukari kwa kuhara ndani ya mwezi mmoja. Wananiambia Maalim ni mtu mzuri, amesema tuvumilie. Umetupa Ghazali, umetupa eda, umetupa ekari 288. Zamu yenu ilifika mwaka 2017. Wapangaji wako, Waluo, Waluhya, Wakamba, hawamo kwenye ile hatimiliki, na hawana kesi kwenye tume yoyote. Ramadhani zote hizo zimekuambia nini kuhusu hicho choo?

MAALIM: ...

MAMA: Mwache afikiri.

DADA: Namwacha, Mama.

MAALIM: Umesema kweli. Nilikuwa nasema mwakani, kodi ikikusanyika vizuri. Kunyonya ni gari moja, na kuchimba kingine ni kazi ya watu wanne kwa wiki kadhaa, udongo ukiwa mkavu. Moyo wangu siwezi kukuahidi. Kuna ubahili ndani yake nimeupigania tangu ujana na bado upo, unausikia mwenyewe katika hilo "mwakani". Lakini choo si moyo.

DADA: Basi nipe tarehe.

MAALIM: Gari la kunyonya, Ijumaa hii baada ya swala. Choo cha pili, kabla ya Shaaban kuisha, ili Ramadhani isitukute hivi.

DADA: Naandika. Ijumaa hii, na mwisho wa Shaaban. Kijana, weka sahihi hapa kama shahidi. Mama, na wewe.